Kiimbo cha Usemi, Si Melodia ya Hotuba

Katika orodha ya istilahi za muziki iliyonifikia hivi karibuni, kazi ya jopo ambalo heshima inanizuia kulitaja, nimekuta nápěvky mluvy za Leoš Janáček zimefasiriwa "melodia za hotuba". Msomaji anajua nápěvek ni nini, kwa hiyo sitamchosha: ni kupanda na kushuka kwa sauti ya mtu asemapo, ambako mtunzi huyu wa Moravia alikunasa kwa noti mtaani, sokoni na nyumbani, tangu miaka ya 1890 hadi alipofariki mwaka 1928. Ninachogombana nacho ni hiyo hotuba.

Hotuba ni khutba. Ina mimbari, ina wasikilizaji waliokaa, ina "ndugu wananchi". Kicheki nacho kina neno la shughuli hiyo, projev, na Janáček hakulitumia. Alisema mluva, yaani kusema kwenyewe, kwa muuza kuku na kwa mtoto anayelia njaa. Februari 1903 binti yake Olga, mwenye miaka 20, alikuwa mahututi nyumbani kwao Brno, baba akiwa ukingoni kumaliza opera ya Jenůfa. Maneno ya siku zake za mwisho baba aliyaandika kwenye mistari mitano, kila silabi na noti yake, hadi pumzi ya mwisho. Waheshimiwa wa jopo watuambie basi: Olga alikuwa akimhutubia nani?

Na "melodia" je? Ni Kigiriki, melos na ode, wimbo juu ya wimbo; melos hiyo hiyo ni kiungo cha mwili pia, na hapo wazo lingekuwa zuri kama waliolichagua neno wangelijua. Nápěv ni lahani. Ukiongeza -ek unaidunisha: kilahani, kitu cha noti tatu nne kinachopita kabla hujashika kalamu. Udogo huo ndio roho ya istilahi, nao katika "melodia" haumo.

Yupo aliyeliona hilo, tena mtu wa sarufi hasa, akapendekeza "kijimbo": wembe hutoa kijembe, mwiko hutoa kijiko, basi wimbo utoe kijimbo. Kanuni haina kosa. Lakini msomaji akikutana na vijimbo vya Janáček atamtafuta mbunge wake. Mwingine akaleta "maghani ya usemi", kana kwamba mama wa sokoni Brno alikuwa akighani utenzi. Wa tatu akashikilia "lahani" tupu, asikumbuke kwamba kwa Waarabu lahn ni sauti ya wimbo na pia ni kosa la sarufi. Mzee Janáček, aliyeongoza shule ya wapiga ogani aliyoianzisha mwaka 1881, asingependa utani huo.

Mimi nasema kiimbo. Kiimbo cha usemi, viimbo vya usemi. Limetokana na -imba, kama Kicheki kilivyotumia mzizi wa kuimba. Lina ki-, ambayo mmoja ataisoma kama ya udogo na mwingine kama ya namna, nami zote mbili zanifaa. Irabu mbili zitamkwe, la sivyo Mkenya atafikiria mafuta ya kupikia.

Pendekezo langu lilirudishwa na neno moja pembeni: "limeshatumika". Kweli, wanaisimu wanalo. Lakini kiimbo chao ni cha lugha nzima: swali hupanda, taarifa hushuka. Cha Janáček ni cha mtu mmoja, saa moja, naye aliandika kando ya noti nani kasema na katika hali gani. Chukua "haya". Kwa kiimbo kimoja ni ruhusa, kwa kingine ni kukubali shingo upande, kwa cha tatu mtoto anajua fimbo iko njiani. Herufi ni zile zile nne. Tofauti hiyo ndiyo aliyoiwinda maisha yake yote, hata akafikia kupima muda wa silabi kwa kronoskopu ya Hipp. "Cha usemi" inatosha kumtenga na wanaisimu. Neno kuwa na waajiri wawili si dhambi.

Ieleweke pia kwamba vile alivyovikusanya hakuvibandika katika opera zake kama vilivyo. Vilimfunza sikio, kisha sikio likamtungia Jenůfa juu ya maandishi ya nathari, mkazo wa Kicheki ukiangukia silabi ya kwanza na irabu ndefu zikijiendea zenyewe. Opera hiyo ilichezwa Brno mwaka 1904. Prague, alikokuwa mkuu wa opera Karel Kovařovic, ilipokewa mwaka 1916 tu, tena baada ya Kovařovic kuigusagusa sehemu ya okestra. Majopo, naona, hayakuanzia kwetu. Miaka 12! Mimi nimengojeshwa kidogo tu.

Matumizi: katika maelezo ya onyesho andika "viimbo vya usemi" bila alama za kunukuu; na kwa kitenzi, sema mkusanyaji hunukuu kiimbo, hakitungi. Atakayeandika "melodia ya hotuba" asiniletee rasimu niipitie.