Shule Ikifungwa: Walimu wa Kiswahili katika Baridi ya Berlin, 1889–1905

Hapa Bujumbura, mwanafunzi wa Kiswahili anayekaribia kumaliza masomo huulizwa na ndugu zake swali lilelile: lugha hiyo utaifanyia nini? Jibu linalopendwa siku hizi ni kwamba Kiswahili kinafundishwa ng'ambo, na kwamba huko wanahitajika watu wanaokijua. Jibu hilo lina ukweli. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960. Kinafundishwa Korea ya Kusini, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Kinafundishwa pia katika vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya. Lakini tunapozungumza sisi kwa sisi kuhusu kazi hizo, tunaanza na mshahara, kisha tiketi ya ndege, na mara nyingi tunaishia hapo.

Katika insha hii napendekeza swali jingine litangulie: shule ikifungwa, mwalimu aliyetoka mbali anakuwa nani? Nitalijibu kwa kuwatazama walimu wa kwanza kutoka pwani yetu walioajiriwa kufundisha Kiswahili Ulaya, wale wa Berlin. Hoja yangu ni kwamba darasani mwalimu mgeni hulindwa na kazi yake. Siku ya likizo hulindwa na mkataba na sheria tu, na vitu hivyo viwili vikikosekana, elimu yake yote haimfai kitu.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, chini ya chuo kikuu cha mji huo. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeanza kujipatia makoloni, na serikali ilihitaji watu wanaoweza kusema lugha za huko. Waliosoma katika Seminari walikuwa maofisa, makarani, wamisionari na wafanyabiashara waliojiandaa kwa safari. Somo la Kiswahili lilisimamiwa kwanza na Carl Büttner, aliyekuwa mmisionari. Baada ya kifo chake mwaka 1893 alikuja Carl Velten, aliyekuwa amefanya kazi ya ukalimani Afrika ya Mashariki.

Mpangilio wa kazi ulikuwa hivi. Mjerumani alikuwa mwalimu mkuu na alifundisha sarufi. Pembeni yake alikaa mtu wa pwani aliyeitwa lekta, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, kusoma, kusahihisha matamshi na kuandika maandishi ya mazoezi. Lekta wa kwanza alikuwa Sleman bin Said kutoka Unguja, aliyefika 1889. Mwaka 1891 akafuatwa na Amur bin Nasur, naye pia kutoka Unguja, aliyebaki hadi 1895. Mwaka 1900 alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyesoma chuo cha Kurani na aliyekuwa amefanya kazi ya kukusanya kodi katika utawala wa Wajerumani.

Tukitazama ratiba tu, hali yao ilifanana na ya mwalimu yeyote. Kulikuwa na muhula wa baridi na muhula wa kiangazi, na katikati ya muhula wa baridi kulikuwa na mapumziko ya Krismasi. Mwanafunzi wa Kijerumani alifunga vitabu vyake akapanda treni kwenda kwa wazazi. Lekta hakuwa na treni ya namna hiyo. Kampuni ya meli ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza safari zake mwaka 1890, na kutoka Ujerumani kupitia mfereji wa Suez hadi pwani yetu ilikuwa safari ya wiki tatu na zaidi. Mapumziko ya wiki mbili hayakutosha hata kufika Unguja, sembuse kurudi. Kwa hiyo likizo kwao ilikuwa na maana moja tu: kubaki mahali pa kazi bila kazi.

Na mahali penyewe palikuwa Berlin katika Desemba. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika tunajua masika na kiangazi. Baridi tunayoijua ni ya milimani, Mugamba na Muramvya, na hata huko koti moja linatosha. Katika Kiswahili cha pwani lipo neno kipupwe, lakini kipupwe ni upepo wa baridi wa katikati ya mwaka, nao hauui mti wala haugandishi mto. Hapa Bujumbura jua la Desemba hukaa angani zaidi ya saa kumi na mbili. Berlin, katika siku za mwisho za mwezi huohuo, jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri.

Majira ya baridi ya kwanza ya Mtoro yana jambo ambalo nimelipata kwa kulinganisha kalenda mbili. Ramadhani ya mwaka 1318 wa Hijria ilianza siku mbili tatu kabla ya Krismasi ya 1900, na Idi ikaangukia karibu na tarehe 22 Januari 1901. Kwa hiyo wiki zilezile ambazo mji mzima ulikuwa ukila na kupeana zawadi zilikuwa mwezi wa mfungo kwa Mwislamu. Kwa saa, mfungo wa Berlin ulikuwa mwepesi: tangu alfajiri hadi magharibi hazikufika saa kumi, wakati Bagamoyo zilizidi kumi na tatu. Lakini aliyewahi kukaa Buyenzi mwezi wa Ramadhani anajua kwamba saa si hesabu pekee. Mfungo ni uji wa jirani, ni adhana, ni watoto barabarani, ni watu wa kufuturu nao. Berlin ya wakati ule haikuwa na msikiti. Makaburi ya Waislamu yalikuwapo, lakini msikiti wa kwanza katika eneo la mji huo, wa mbao, ulijengwa Wünsdorf mwaka 1915 kwa ajili ya wafungwa wa vita. Kwa mtu wa pwani, mji huo ulikuwa na mahali pa kumzika miaka mingi kabla ya kuwa na mahali pa kumswalisha.

Nje ya darasa, pia, macho ya watu yalikuwa tofauti. Mwaka 1896 yalifanyika maonyesho makubwa ya biashara Berlin, katika bustani ya Treptow. Sehemu yake ya kikoloni ililetewa watu zaidi ya 100 kutoka makoloni, wakiwemo watu wa Afrika ya Mashariki, wakakaa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe kwa kiingilio. Mtoro alipofika miaka minne baadaye, wenyeji wengi waliokutana naye njiani walikuwa wamejifunza kumtazama Mwafrika kwa namna hiyo. Ndani ya Seminari alikuwa mtu ambaye ofisa alimhitaji ili afaulu mtihani. Akitoka mlangoni, hasa siku ambazo hakuna somo, alikuwa mtu wa kutazamwa.

Je, walimu hawa walifanya nini na wakati wao? Sehemu ya jibu ipo katika vitabu. Waliandika. Amur bin Nasur aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na za ukaaji wake Ulaya, na Büttner aliziingiza katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliochapishwa 1894. Mwaka 1901 Velten alitoa Safari za Wasuaheli, ambamo kuna habari ya Mtoro kuhusu safari ya Udoe na Uzigua, pamoja na habari za Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hadi leo hakuna anayesoma historia ya pwani bila kukifungua: uzazi, malezi, ngoma, ndoa, utumwa. Mwandishi mkuu wa maelezo yale alikuwa Mtoro. Jina lililochapwa kwenye jalada ni la Velten, kama mkusanyaji.

Naomba tulitazame jambo hili bila hasira na bila kulifunika. Velten alikusanya, alihariri na alitafuta mchapishaji. Hiyo ni kazi. Lakini msomaji aliyenunua kitabu kile mwaka 1903 hakuona kwamba mtu anayeeleza desturi za Bagamoyo alikuwa jirani yake, mtu mwenye chumba Berlin na ratiba ya vipindi. Alifikiri anamsikia Mjerumani akieleza kuhusu Waswahili. Kumbe alikuwa anamsikia Mswahili akijieleza mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1904, Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 aliacha kazi ya Seminari baada ya mgogoro uliohusu namna wanafunzi walivyomdharau kwa sababu ya rangi yake. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu yeyote aliyechoka ng'ambo angelifanya: akaanza safari ya kurudi kwao pamoja na mke wake. Hapo ndipo historia hii inapofika kwenye kiini chake. Wakuu wa koloni, chini ya Gavana von Götzen, hawakukubali mwanamke Mjerumani akae Afrika ya Mashariki akiwa mke wa Mwafrika. Ndoa iliyokuwa halali Berlin haikuvumilika Dar es Salaam. Wakalazimika kurudi Ujerumani. Mtoro alikuja kufanya kazi tena Hamburg kati ya 1909 na 1913, baadaye akaishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika, na alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha maofisa lugha ya kuingilia nchi yake alizuiwa yeye kuingia humo na mke wake.

Habari hii inatuhusu vipi sisi wa Burundi? Inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura, yaani Bujumbura yetu, mwaka 1897. Mwaka 1903, mwaka uleule wa Desturi za Wasuaheli, walimlazimisha Mwami Mwezi Gisabo kukubali mkataba wa Kiganda. Kiswahili kilitumika bomani, sokoni na miongoni mwa askari. Kwa kawaida tunasema kilifika hapa kwa miguu ya wafanyabiashara kupitia Ujiji na kwa askari kutoka pwani. Hilo ni sahihi, lakini kuna njia ya tatu ambayo hatuitaji: madawati ya Berlin. Mjerumani aliyetoa amri kwa Kiswahili katika koloni hili, ikiwa alipitia Seminari, alifundishwa matamshi yake na watu kama Amur na Mtoro. Historia ya lugha yetu hapa ina walimu ambao hawakuwahi kuuona mto Rusizi.

Sasa nirudi kwa wenzangu wanaotaka kwenda. Leo mambo yamebadilika, na sipendi kusema kwamba kila mwalimu mgeni ni Mtoro. Chukueni mfano wa Korea ya Kusini. Mpango wa serikali wa kuajiri walimu wa Kiingereza, EPIK, ulianza 1995. Mkataba wake unataja siku za likizo za kiangazi na za majira ya baridi, nyumba ya mwalimu, na wajibu wa kufundisha kambi za Kiingereza wakati wanafunzi wamefunga shule. Kijana anayeingia anajua mapema ni siku zipi zake na zipi za mwajiri. Lakini masharti ya mpango huohuo yanaeleza pia nani anaruhusiwa kuitwa mwalimu: raia wa nchi 7 zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza, na Afrika ina moja tu katika hizo, Afrika Kusini. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni hayumo.

Kwa Kiswahili mlango ni mwingine. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwachukua vijana, wakiwemo Wakenya na Watanzania, kwa mwaka mmoja wa masomo Marekani. Ukisoma jina la kazi hiyo utasikia mwangwi wa lekta: msaidizi. Na Desemba inapofika, vyuo vingi vya huko hufunga mabweni, na asiye na ndugu karibu hutakiwa kuomba ruhusa ya kubaki au kutafuta mwenyeji. Tofauti na 1900 ni kubwa, kwa sababu leo kuna simu, kuna misikiti na makanisa ya Waafrika, na ndege inamrudisha mtu kwao kwa siku moja au mbili. Lakini swali halijafutika, ila limehama. Halimo tena kwenye meli, limo kwenye karatasi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wasome karatasi hiyo kuanzia mwisho. Waulize: chuo kikifungwa nitalala wapi, na kwa gharama ya nani? Nikioa au kuolewa huko, nitaweza kurudi na familia yangu? Nikiandika matini ya kufundishia, jalada litakuwa na jina la nani? Maswali haya matatu si ya ulafi wala ya woga. Kila moja liliwahi kujibiwa, kwa gharama kubwa, na mtu mmoja kutoka Bagamoyo.

Na walimu wetu, wanapofundisha historia ya Kiswahili, wanitilie jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari katika orodha ya waandishi, na tarehe 1903 kando yake. Ni mstari mmoja tu katika mhadhara, nao amekwisha kuulipia.