Wakishalipa karo, mbona bado wanachangia shule?

Shule ya kibinafsi huku Merigi ikiitisha harambee ya basi, wazazi waliomaliza kulipa karo bado wanatoa. Wanafunzi wa zamani pia. Eti wanajionyesha? Cheki Githunguri, Kiambu. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alianzisha chuo cha walimu kisichokuwa cha mkoloni wala cha misheni. Wananchi walichanga rika kwa rika, kila rika likitaka kulipita lingine. Akina mama nao wakachanga, wakawajengea wasichana bweni. Kujionyesha kulikuwepo, sawa, lakini kila aliyetoa alijua chuo ni chake, ndiyo maana serikali ya kikoloni ilikiogopa, ikakifunga 1952. Sasa wale mliosoma pamoja wakiitisha mia tano kwenye WhatsApp, toa. Halafu uliza: kama shule ni yetu, hesabu tutaonyeshwa lini?