Skana, au Redio Inayopiga Doria

Ingia stesheneri yoyote ya Kariakoo, hutakaa dakika tano kabla ya kusikia, "Niskanie cheti hiki unitumie kwa WhatsApp." Hospitalini mgonjwa anaagizwa akapige siti skani. Bandarini kontena linapitishwa kwenye skana. Neno limekwisha kuvua viatu na kuketi mkekani, na hakuna anayeliuliza ukoo wake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliuliza, hadi mpwa wangu aliponishikisha kidude cheusi tukiwa roshani ya ghorofa ya kumi huko Virginia Beach, Marekani, akasema, "Mjomba, si wewe ndiye mtu wa maneno? Hii skana Kiswahili chake nini?"

Kidude chenyewe kilifanana na zile redio za upepo wanazotembea nazo walinzi: antena fupi ya mpira, kioo kidogo chenye tarakimu, kitasa cha sauti. Tofauti ni moja tu, hakina kitufe cha kusemea. Kazi yake ni kusikia. Unakipa orodha ya chaneli, nacho kinazipitia moja moja. Penye kimya hakikai. Penye sauti kinasimama na kusikiliza, na msemaji akinyamaza kinangoja sekunde mbili hivi, pengine yupo wa kumjibu, ndipo kiondoke. Za siku hizi zipo zinazopitia hata chaneli 100 kwa sekunde moja, kwa hiyo msikilizaji haioni safari, anaviona vituo tu.

Jibu lililonijia mdomoni upesi lilikuwa "kipekuzi". Nikalimeza. Kupekua ni kazi ya kuku jaani, kisha ni kazi ya askari mwenye hati ya upekuzi, na mtaani mpekuzi ni yule jirani ambaye la mwenzake halimpiti. Nikafikiria pia kitenzi cha zamani, kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya watu. Kidukizi! Lina ladha, lakini tayari limemhukumu mtu kabla hajawasha redio yake. Na hukumu yenyewe si ya haki. Chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.800, ndiyo ya wito na ya dhiki kwa vyombo vyote duniani. Hiyo ya pwani ya Virginia ndiyo hiyohiyo ya Kilindini. Anayeita pale anataka asikiwe na yeyote mwenye masikio. Kumwita mdukizi aliyemsikia ni sawa na kumlaumu mtu kwa kuisikia mbiu ya mgambo.

Pale roshanini palikuwa mahali bora pa kumfundisha mtu istilahi hii kuliko kamusi. Virginia Beach ni mji wa mapumziko, una njia ya watembea kwa miguu ya kilomita karibu tano kando ya mchanga, na hoteli zimejipanga kuiangalia Atlantiki. Lakini kaskazini kidogo ndipo ulipo mlango wa Ghuba ya Chesapeake, na meli zinazokwenda Norfolk, za mizigo na za kivita, hupita mbele ya rasi ya Cape Henry, penye mnara wa taa wa mawe wa mwaka 1792 na mwenzake wa 1881 wakiwa wamesimama karibu kama babu na mjukuu. Nyuma ya hoteli kuna Oceana, kituo kikubwa cha ndege za kivita za jeshi la majini. Wageni ufukweni wanaona maji na miavuli. Mwenye skana anasikia mbele meli, nyuma ndege.

Ndipo nilipokutana na jambo lililonifurahisha kuliko yote. Katika Kiswahili cha mabaharia, rubani alikuwa mjuzi wa kuongoza chombo majini zamani kabla ndege haijabuniwa. Ndege zilipokuja, zikamchukua, na leo mtoto wa shule ukimtajia rubani anatazama juu. Kwenye skana wale wawili wanarudi kuwa ndugu. Rubani wa bahari anaongea na nahodha wa chombo kingine kwenye chaneli 13, megahezi 156.650, chaneli ambayo Marekani imeitenga kwa mazungumzo ya chombo kwa chombo. Rubani wa angani anajibiwa na mnara kati ya megahezi 118 na 137, au yule wa kijeshi kati ya 225 na 400. Redio moja, sekunde moja, marubani wawili.

Nikirudi kwenye neno. Mpwa wangu alinionyesha kwamba kifaa kina kazi mbili ambazo Kiingereza kinazitenga na sisi tusipoangalia tutazichanganya. Ya kwanza ni kuizungukia orodha unayoijua: chaneli 16, chaneli 13, mnara wa Oceana, kisha mwanzo tena. Ya pili ni kwenda hatua kwa hatua kutoka masafa haya hadi yale, bila orodha, kutafuta kama kuna kitu usichokijua. Hii ya pili ndiyo kupekua hasa, na hapa neno la kuku linafaa kabisa: hajui atachokora nini. Lakini ya kwanza si kupekua. Mlinzi wa usiku anayezunguka ghala hapekui. Anapita milango ileile, anatega sikio, akisikia kitu anasimama, pakitulia anaendelea, akimaliza anaanza upya. Hiyo ni doria. Skana inapiga doria.

Kuna kinachomwezesha mlinzi huyu kutofautisha sauti na kimya, nacho ni kizuia mvumo. Redio isiyo na kituo huvuma. Kitasa hiki huamua mvumo wa kiasi gani uhesabiwe kuwa kimya. Ukikilegeza mno, mlinzi anasimama kila mlango akidhani kuna mtu ameita. Ukikikaza mno, anapita hata penye wizi.

Nitakiri kuwa sipendekezi kifaa kiitwe "redio ya doria". Nililijaribu kwa marafiki wawili na wote walidhani naongelea redio za askari. Kifaa kibaki skana, neno watu wanalo na halina madhara. Ugomvi wangu uko kwenye vitenzi. Tukisema "inaskani" kwa kazi zote mbili, tumenunua jina tukaacha maana dukani.

Na neno lenyewe lina historia ambayo mshairi wa Kiswahili angeipenda. Kiingereza kililichota Kilatini, kwenye kitenzi kilichokuwa na maana ya kupanda, na kazi yake ya kwanza Uingereza ilikuwa ya washairi: kuupanda mstari wa shairi hatua kwa hatua na kuzihesabu. Sisi hapo tunasema kupima mizani. Shairi la mizani 16 linahesabiwa kidole kwa kidole. Baadaye neno likawa kuchunguza kwa makini, na karne ya 20 ikaligeuza likawa karibu kinyume chake, kupitisha jicho upesi juu juu. Redio imerithi mbio hizo, lakini nahisi imebaki na vidole vya mshairi: bado inapita chaneli moja moja, haidondoshi hata moja.

Shida kubwa zaidi haikuwa skana, ilikuwa masafa. Nimekwisha kulitumia neno hili juu hapa kama vile halina kasoro. Kwa Mswahili wa kawaida masafa ni umbali: masafa ya Tanga hadi Pangani. Kwa watu wa redio ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika "masafa mafupi" ni kitu cha tatu, urefu wa wimbi lenyewe, na hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa, maana masafa mafupi ndiyo yaliyofika mbali kuliko yote. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilitoka London ikatua vijijini kwetu kwa masafa mafupi. Wapo wanaotaka tuseme marudio badala yake. Kimantiki wana haki. Lakini neno ambalo watangazaji wamelitamka kila asubuhi kwa miaka mingi haling'olewi na kamati.

Ghorofa ya kumi ilinifundisha kuyavumilia masafa. Mawimbi ya skana kama hii, tofauti na yale ya masafa mafupi, hayapindi sana kuifuata dunia. Huenda karibu kama jicho linavyoona, yakizidi kidogo. Mafundi wana hesabu nyepesi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Roshani ya mita 30 inakupa kama 22. Meli yenye antena ya kimo hichohicho inaongeza 22 zake, kwa hiyo mnasikizana hadi kilomita 45 hivi. Ndege iliyo mita 10,000 juu inasikika kilomita 400. Ukishuka mchangani meli zinatoweka moja baada ya nyingine, ingawa hujagusa kitufe chochote. Masafa yaleyale ya 156.800, masafa mengine kabisa ya kusikia.

Mpwa wangu ana deni kwa teknolojia asiyoijua. Miaka ya 1970 skana nyingi zilihitaji kipande cha fuwele kwa kila chaneli, kilichochongwa kutetema kwa masafa yake peke yake. Aliyekwenda likizo mji mwingine alikuta redio yake kiziwi, mpaka anunue fuwele za mji ule. Leo anabonyeza tarakimu.

Kuna mambo ambayo urahisi huo haukuyafungua. La kwanza ni sheria: Marekani inaruhusu mengi kusikilizwa, lakini mwaka 1994 ilipiga marufuku kutengeneza au kuingiza nchini skana mpya zinazoweza kunasa simu za mkononi, na jimbo la New York lina masharti yake kwa mwenye redio ya namna hii garini. Uingereza ni kali zaidi. Sheria yake ya 2006 inamfanya mkosaji anayesikiliza kwa makusudi mawasiliano yasiyomhusu bila idhini. Msafiri na aulize kabla ya kufunga begi. La pili ni usimbaji fiche. Polisi wa miji mingi wanahamia huko, wa New York walianza mwaka 2023, na skana ikifika penye chaneli hizo hubaki kama mlinzi mbele ya mlango uliofungwa kwa ndani.

Usiku wa pili niliachiwa kidude nipange orodha yangu mwenyewe. Nikatia 16, 13, mnara, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa vimbunga nikatia pia 162.550, mojawapo ya masafa saba ya redio ya hali ya hewa ya Marekani. Sauti ya kompyuta ikaanza: upepo, mawimbi, joto la maji. Ikaendelea. Nikangoja doria isonge, haikusonga. Dakika kumi nzima nasikia hali ya hewa tu, meli kubwa inapita mbele yangu na taa zake, sijui wanasema nini. Nikaamini nimeiharibu mali ya watu, nikamwita.

Redio ile ya hali ya hewa hainyamazi, mchana wala usiku, na skana haiondoki penye sauti. Kuna kitufe cha kuiambia iache chaneli fulani kwenye mzunguko bila kuifuta, na jina lake la Kiingereza lilikuwa limenisumbua tangu asubuhi. Nilikuwa nimeandika "kufungia nje" nikalikata, nikaandika "kutenga" nikalikata. Mpwa wangu hata hakutoka jikoni.

"Mjomba, iruke hiyo."

Nikabonyeza, rubani wa meli akaingia katikati ya sentensi. Nikaandika "kuruka" chini ya "kupekua" na "doria", nikazima taa ya roshani.