Kitabu Kilichofungiwa

Mwaka 1961 idara ya upelelezi ya Marekani iliwapeleka Wakuba wakimbizi wapatao 1,400 kuishambulia nchi yao katika Ghuba ya Nguruwe, wakashindwa kwa siku tatu. Baadaye mwandishi wa idara hiyo, Jack Pfeiffer, alitunga vitabu vitano vya habari hizo. Watu walipotaka kukisoma cha tano, idara ilikataa. Hata mwaka 2014 mahakama ikaikubalia, maana lilikuwa andiko lisilokwisha kusahihishwa. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 ndipo kikatolewa, miaka 55 baada ya vita. Sisi walimu twajua ya kuwa daftari lenye makosa husahihishwa likifunuliwa. Likifungiwa kabatini, kosa hukaa, wala mtoto hajifunzi. Na taifa ni vivyo hivyo.