Fungu la Mjane

Nilipanda basi Mbeya kwenda Iringa, msibani kwa shangazi. Marehemu mumewe alikuwa Mwislamu, muuza mbao. Nyumba waliijenga pamoja. Baada ya arobaini, shemeji zake wakasema: kwa mila, mjane hana fungu, nyumba ni ya ukoo.

Ndugu msomaji, hoja hiyo haikuzuka hewani. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kuwa mjane harithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe, kama yeye alivyowatunza. Sheria ya Kiislamu humpa mke thumni mumewe akiacha watoto, na robo asipoacha. Sheikh alipoulizwa akajibu kwamba marehemu aliishi kwa dini, basi na mirathi yake igawanywe kwa dini.

Hivyo shangazi akapata sehemu moja katika nane. Dini ilimwokoa na mila. Lakini jasho lake la miaka 30 lilihesabiwa wapi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilikuwa la talaka. Aliyeachwa alisikilizwa, aliyefiwa je?

Nilimuuliza shangazi kama ameridhika. Akatazama paa, akasema: “Mwanangu, thumni ya nyumba hii ni chumba kimoja. Lakini ni changu, hapana wa kunitoa.”