Safari, Hongo na Hifadhi: Historia ya Maneno Matatu katika Mapori ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Barabara itokayo Arusha kwenda Musoma hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha huteremkia katika tambarare za Serengeti. Humo hupishana magari ya aina mbili. La kwanza ni gari la watalii, lenye paa la kuinuliwa ili waliomo wasimame na kutazama simba. La pili ni basi la abiria, lenye mizigo chini na watu juu: mfanyabiashara, mwanafunzi arudiye chuoni, mama aendaye msibani. Wa gari la kwanza, wakiulizwa kwa Kiingereza, watasema kuwa wao ndio walio safarini. Mswahili atazamaye magari hayo mawili atajibu kinyume: waliomo katika basi ni wasafiri, wale wengine ni watalii.

Tofauti hiyo ya majina ina historia ndefu, nayo ndiyo mada ya mhadhara huu. Hoja yake ni kwamba msamiati wa misafara ya karne ya 19 uliitambua nchi kuwa na wenyewe, na kwamba msamiati wa mapori yaliyohifadhiwa uliwaondoa wenyewe hao katika lugha, wakati mwingine kabla ya kuondolewa katika ardhi. Maneno matatu yatatosha kuionyesha njia hiyo: safari, hongo na hifadhi.

Safari ya miguu

Neno safari limetokana na Kiarabu, safar, lenye maana ya mwendo wa kutoka mahali hadi mahali. Kiswahili kililipokea, kikaliongezea irabu ya mwisho, na kikawa na jamaa nzima ya maneno: kusafiri, msafiri, msafara, kusafirisha. Matumizi yake yakapanuka hata yakagusa hesabu ya nyakati. Asemaye "safari hii amefaulu" hana haja ya kuwa na mtu aliyeondoka nyumbani. Anataja mara hii, baada ya mara zilizopita.

Upana huo unaonekana wazi katika kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari ya biashara katika bara la Afrika, naye Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya mwaka 1896 katika Urusi na Siberia. Wa kwanza alipita katika nchi za watawala wa bara, wa pili katika nchi za theluji. Vyote viwili vikaitwa safari bila wasiwasi wowote, kwa kuwa kilichoifanya safari kuwa safari kilikuwa mwendo wenyewe na haja ya msafiri.

Safari kuu za wakati huo zilikuwa za miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu waliokuwa na misafara yao wenyewe na walioihesabu kazi hiyo kuwa fahari. Haifai kuupamba wakati huo. Njia hizo hizo zilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na wengi walikufa kwa njaa, maradhi na minyororo. Hata hivyo, utaratibu wa msafara uliacha katika Kiswahili maneno ambayo hayaeleweki bila wapagazi. Mnyampara, neno lililotoka Unyamwezi, alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi na msemaji wao. Posho ilikuwa haki ya kila siku ya mpagazi, nafaka au kitambaa cha kununulia chakula njiani.

Hatima ya maneno hayo inafundisha. Mnyapara wa leo ni msimamizi wa kazi, na gerezani ni mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake. Posho imekuwa ugali nchini Uganda, na Tanzania imekuwa malipo ya vikao. Kila neno limeufuata mkono ulioshika mamlaka.

Hongo

Neno lenye somo kubwa zaidi ni hongo. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watawala wa nchi uliyoipita. Ugogo ilijulikana sana kwa jambo hilo, kwa kuwa maji yalikuwa haba, na msafara uliohitaji kisima na chakula haukuweza kumkwepa mwenye nchi. Majadiliano yangeweza kuchukua siku nyingi, huku vitambaa, waya na shanga vikihesabiwa na kukataliwa. Wageni wa Ulaya walioandika habari za safari zao, Richard Burton miongoni mwao, waliilalamikia hongo kama unyang'anyi. Wafanyabiashara wa pwani nao waliinung'unikia, lakini waliilipa, wakijua kwamba hupiti katika nchi ya mtu bila idhini yake.

Leo hongo ni rushwa, na hana Kiswahili sanifu cha leo yule atakayeitumia kwa maana ya ushuru halali. Mabadiliko ya maana ya namna hii huelezwa mara nyingi kama kushuka hadhi kwa neno, kana kwamba neno lilijikwaa lenyewe. Katika suala hili chanzo chaweza kutajwa. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya machifu mamlaka ya kutoza njia, malipo yaleyale yakabaki bila uhalali. Kilichokuwa haki ya mwenye nchi kikawa kosa. Msafiri hakuhitaji tena kuomba kupita. Mwenye nchi ndiye aliyeanza kuhitaji kibali.

Safari ya bunduki

Burton, aliyesafiri hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo kulitumia neno safari katika maandishi ya Kiingereza. Wakati huo neno lilikuwa bado na maana ya msafara. Maana mpya ilijengwa baadaye, hasa baada ya reli iliyoanzia Mombasa kufika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mwindaji tajiri sasa aliweza kushuka melini, kupanda treni na kukuta wapagazi wakimngoja.

Aliyelieneza neno hilo duniani kuliko wengi wengine ni Theodore Roosevelt, aliyefika Mombasa mwezi Aprili 1909, muda mfupi baada ya kuondoka katika urais wa Marekani. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512, na kitabu chake kikatoka mwaka 1910. Kuanzia hapo, kwa msomaji wa Kiingereza, safari ikawa jambo afanyalo mgeni kwa bunduki. Mpagazi, ambaye bila miguu yake pasingekuwa na safari yoyote, alibaki katika picha kama sehemu ya vifaa.

Sheria nayo ilikwisha kuanza kugawa majina. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri iliyodai leseni kwa uwindaji na kutenga maeneo ambamo uwindaji ulikatazwa, moja likiwa upande wa Rufiji. Tangu hapo tendo moja likawa na majina mawili. Aliyeua ndovu kwa leseni akaitwa mwindaji; aliyeua paa kwa upinde ili watoto wale, siku hizi huitwa jangili.

Pori lenye mpaka

Mwaka 1922 mapori ya kusini yaliunganishwa na kupewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917. Wenyeji walikuwa na jina lao: Shamba la Bibi. Inasimuliwa kwamba Kaisari wa Ujerumani alimpa mkewe pori hilo kama zawadi. Iwe kweli au isiwe, jina hilo lilieleza vyema walichokiona wenyeji: ardhi imepata mwenyewe, naye haonekani. Si ajabu kwamba katika Tanzania ya leo "shamba la bibi" ni msemo wa mali ya umma ichotwayo na kila apitaye kwa kukosa mlinzi.

Pori la Selous lilipanuliwa katika miaka ya 1940, Wangindo wa Liwale walipohamishwa kwa hoja ya kuwaepusha na malale. Serengeti, ambayo jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya uwanda mpana, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walikubali kuondoka, na sheria ya mwaka 1959 ikaitenga Ngorongoro iwe eneo ambamo wafugaji wangeishi pamoja na wanyamapori. Ahadi hiyo ndiyo inayobishaniwa hadi leo, hasa tangu mwaka 2022, wakazi wa Ngorongoro walipoanza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni.

Lugha ya hifadhi ilijengwa kwa maneno ya kawaida yaliyobanwa maana. Mbuga ni uwanda wa udongo mweusi unaotuama maji wakati wa masika, mahali pa malisho na, kwa Wasukuma, pa kulima mpunga. Katika "mbuga ya wanyama" mkulima na mfugaji wametoweka. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho. "Pori la akiba" halisemi ni kesho ya nani. Hifadhi imetoka katika mzizi uleule wa kuhifadhi Kurani, yaani kulinda kitu kwa kukibeba moyoni. Mzizi huo humhitaji mwenye kukumbuka.

Haya hayasemwi kwa kuibeza kazi ya uhifadhi. Selous ilikuwa na tembo takriban 39,000 mwaka 2009. Sensa ya mwaka 2013 iliwakuta takriban 13,000, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka pori hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bila mpaka na askari wa wanyamapori pengine pasingebaki cha kuhifadhi. Lakini mpaka hauhitaji kufuta kumbukumbu ya waliokuwamo.

Hitimisho

Kiswahili kilijilinda kwa namna yake. Safari ya Kiingereza iliporudi nyumbani na maana finyu, haikuiangusha maana ya awali. Kwa tendo la mgeni atazamaye wanyama, lugha ilichukua kitenzi kingine, kutalii, ambacho asili yake katika Kiarabu ni kuchungua na kusoma kwa makini. Hivyo Kenya ilipoanzisha chuo cha hoteli na utalii mwaka 1975, jina Utalii lilikuwa tayari. Kampuni nyingi sasa hujiita za safari hata katika matangazo ya Kiswahili, na huenda siku moja kijana wa Musoma akadhani kwamba safari ni jambo la wenye fedha za kigeni. Bado siku hiyo haijafika.

Kazi iliyopo ni ya wanaleksikografia na ya watunga sheria kwa pamoja. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Maneno kama hifadhi, pori la akiba na mvamizi hayatakuwa tena tafsiri pembeni mwa Kiingereza. Yatakuwa ndiyo maneno ambayo mtu atahukumiwa kwayo. Kamusi itakayoandika hongo kuwa rushwa tu, bila kutaja ushuru wa njia, itakuwa imemnyima hakimu ushahidi kwamba palikuwa na nchi, na nchi ilikuwa na mwenyewe, na msafiri alimwomba njia.