Mtumbwi wa kuvulia: vitu vifungwe, mtu avae boya

Ukisimama Rujewa huoni ziwa. Unaona majaruba ya mpunga, mifereji na barabara. Lakini wavuvi wapo. Wapo wanaovua Mto Mbarali na Ruaha Mkuu, na wapo wanaofunga safari hadi Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ambako maji ya huohuo Ruaha Mkuu hukusanywa kwa ajili ya kuzalisha umeme. Wengi hutumia mtumbwi mdogo wa mtu mmoja au wawili, wa gogo lililochongwa au wa mbao. Makala haya ni ya mwenye mtumbwi wa namna hiyo.

Tuanze na jinsi ajali inavyotokea, kwa sababu vifaa vyote tutakavyovitaja vinatokana na hapo. Mara nyingi mtumbwi hauvunjiki. Mvuvi anasimama kuvuta wavu ulionasa, uzito unahamia upande mmoja, mtumbwi unalala na maji yanaingia. Ndani ya muda mfupi kasia limechukuliwa na maji, kopo la kuchotea maji limezama, simu imekwisha. Yeye mwenyewe ameshika mtumbwi uliojaa maji. Anatazama nchi kavu, anaiona karibu, anauacha mtumbwi na kuanza kuogelea. Mbali kwa macho na mbali kwa mikono ni vitu viwili tofauti, na watu wengi hufia hapo katikati, wakati mtumbwi wao bado unaelea.

Kwa hiyo mambo mawili yanatangulia mengine yote: mtu aweze kuelea bila kutumia nguvu, na mtumbwi ubaki ukielea ukiwa na vitu vyake.

Boya la mwilini

Jaketi okozi livaliwe. Likiwekwa chini ya kiti au likikaliwa kama mto, siku ya ajali litaelea peke yake na wewe utabaki peke yako. Hakuna anayepata nafasi ya kulivaa baada ya mtumbwi kupinduka.

Unaponunua, soma uzito wa mtu ulioandikwa ndani yake, kisha lijaribu kwenye maji ya kufika kifuani ukiwa na mwenzako. Funga mikanda yote, kunja miguu, tulia. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au halijafungwa vizuri. Kidevu chako kikizama, halikufai. Jaketi la zamani lenye sponji iliyokauka, iliyobonyea au inayonyonya maji limekwisha kazi, hata kama kitambaa chake bado kinang'aa.

Je, kama jaketi halijapatikana? Dumu tupu la lita 5 lenye mfuniko unaobana linanyanyua karibu kilo 5. Mtu mzima aliye ndani ya maji hahitaji zaidi ya hapo ili kichwa chake kibaki juu, kwa sababu maji yenyewe yanaubeba sehemu kubwa ya mwili wake. Kwa hiyo dumu linaweza kuokoa maisha. Ila lina kasoro kubwa: lazima ulishike, na mkono unachoka. Lichukuliwe kama msaada wa muda tu wakati unatafuta hela ya jaketi. Na hapa tuseme wazi: mwenye mtumbwi anayejinunulia jaketi moja na kumpeleka kibarua wake majini bila kitu hajatimiza wajibu wake.

Kuufanya mtumbwi usizame

Huko ng'ambo kuna watu wanaovua kwa kayaki, mitumbwi myembamba ya plastiki. Ubora wake mmoja ni kwamba ndani yake kuna hewa iliyofungiwa, hivyo hata ikipinduka inaelea juu. Mtumbwi wetu wa gogo zito ukijaa maji unashuka hadi ukingoni, na wa mbao wenye misumari na mzigo unaweza kuzama kabisa. Hewa hiyo tunaweza kuiweka wenyewe.

Chukua madumu matupu ya lita 10 au 20, yafunge mifuniko kwa nguvu, na uyabane mbele kabisa na nyuma kabisa ya mtumbwi. Dumu moja la lita 20 linabeba karibu kilo 19 likizamishwa. Mawili, moja kila upande, yanatosha kubadilisha hali ya mtumbwi mdogo uliojaa maji. Siri iko kwenye kufunga. Hewa inavuta kwenda juu, kwa hiyo kamba ipite juu ya dumu na kukazwa kwenye mbao za mtumbwi. Ukilifunga mpini tu, litachomoka siku unayolihitaji. Jaribu hilo kwenye kina kifupi: jaza mtumbwi maji kwa makusudi uone unavyokaa. Nusu saa ya kuloana inatosha.

Kabla ya hapo, bila shaka, ziba nyufa. Mtumbwi unaovuja kidogo asubuhi unavuja zaidi jioni ukiwa na samaki ndani.

Kila kitu na kamba yake

Kasia lina kamba fupi. Kopo la kuchotea maji lina kamba. (Dumu la lita 5 lililokatwa mdomo kwa mshazari linachota vizuri kuliko bakuli, watu wa pwani chombo cha kazi hiyo hukiita upo.) Kisu kina ala yake na kimefungwa mahali mkono unapofika ukiwa umekaa, kwa sababu ndicho kitakachokata wavu ukikunasa mguu. Kasia la pili, hata fupi, lilale chini limefungwa. Ukienda kwenye matete, pondo linasaidia kuliko kasia, nalo pia lifungwe.

Mtu asifungwe. Wapo wanaojifunga kamba ya wavu kiunoni ili mikono iwe huru. Kwenye maji yanayotembea, kamba hiyo itakushikilia chini. Wala usiizungushe mkononi.

Nanga inastahili maneno yake. Kwenye bwawa lililotulia haina shida sana, hata mfuko wa mawe unatosha. Kwenye mto, ifungwe mbele, kwenye ncha ya mtumbwi. Ukiifunga ubavuni, mkondo unausukuma mtumbwi kwa upana wake, unaulaza, na maji yanaingia kabla hujafikia fundo. Fundo lenyewe liwe la kufunguka kwa kuvutwa mara moja, na kisu kiwe karibu.

Ongeza kitanzi cha kamba nene kinachoning'inia upande wa nyuma, kirefu kiasi cha kuingiza mguu. Kwa kawaida kimekunjwa ndani. Ukianguka, unakivuta, unakanyaga, unapanda kwa nyuma. Kupanda kwa ubavuni kunaupindua tena mtumbwi, isipokuwa kama kuna mwenzako anayeegemea upande wa pili. Gambuti ziache ufukweni, au vaa zinazovulika kwa urahisi, maana zikijaa maji huwezi kupiga miguu wala kupanda.

Simu, tochi na filimbi

Simu iwe kwenye chombo cha mdomo mpana chenye mfuniko unaobana, nacho kifungwe. Kabla ya kukiamini, weka karatasi kavu ndani, kizamishe kwenye beseni kwa dakika kumi, kisha angalia karatasi. Kitochi kinachokaa na chaji siku kadhaa kinafaa majini kuliko simu kubwa. Namba ya mtu wa nyumbani na ya mwenyekiti wa kijiji ziandike pia kwenye karatasi. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mtandao unaweza kukosekana, kwa hiyo filimbi ivaliwe shingoni au kwenye jaketi. Sauti ya mtu inakauka haraka, filimbi inaendelea hadi pumzi iishe. Patana na wenzako ufukweni kwamba mipulizo mitatu maana yake ni msaada. Tochi ya kichwani inaacha mikono huru. Stika za kuakisi mwanga kama za kwenye malori, ukibandika kando na kwenye jaketi, zinakufanya uonekane na anayekutafuta usiku.

Maji yetu yana mambo yake

Mtera ina visiki. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 na maji yakafunika miti. Maji yakipungua vinajitokeza, yakipanda vinajificha chini kidogo tu ya uso. Usiende kasi mahali usipopajua, na ukigota, usisimame kusukuma. Kaa chini, rudi nyuma kwa kasia. Upepo mara nyingi huamka kadiri jua linavyopanda, na kwenye eneo pana kama lile mawimbi hukua haraka. Anza kurudi ukiona maji yamebadilika rangi upande upepo unakotoka, kabla hayajakufikia. Radi ikisikika, toka majini.

Kiboko ndiye wa kuogopa zaidi na mtumbwi mdogo. Akishtuka hukimbilia maji ya kina, na ukiwa katikati ya njia yake atapita juu yako. Kwa hiyo pita maji mafupi karibu na ukingo, mbali na njia zake za kutokea nchi kavu, hasa alfajiri na jioni anapotoka au kurudi malishoni. Gonga mtumbwi kwa kasia unapokaribia kona au matete, ili aibuke ujue aliko. Kwa mamba, usining'inize miguu wala kuoshea samaki ukingoni mwa mtumbwi.

Na wa Usangu wakumbuke kwamba Hifadhi ya Taifa Ruaha ilipanuliwa mwaka 2008 na kuingiza eneo la Usangu lenye ardhioevu ya Ihefu. Kuvua ndani ya hifadhi ni kosa, na anayevua kwa kujificha haombi msaada anapopata ajali. Mipaka imeguswa tena baada ya hapo, hivyo uliza ofisi ya kijiji chako au afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kushusha mtumbwi. Huyohuyo atakueleza kuhusu leseni ya uvuvi na ya chombo. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na mitumbwi midogo nayo inahusika.

Jambo la mwisho halifungwi kwenye mtumbwi. Kabla ya kuondoka, mwambie mtu mmoja wa nchi kavu unaelekea upande gani na utarudi saa ngapi, na mpatane saa ya yeye kuanza kupiga simu. Ukibadili mpango ukahamia upande mwingine, mpigie kwanza.